Fuso ya mzigo mchanganyiko imelala mtaroni, moshi wa kijani ukatoka. Tungefanyaje?

Utingo wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni utingo, tunapiga Tabora–Kigoma na mizigo ya maduka. Wiki mbili zilizopita, tumeshavuka Malagarasi tunaitafuta Uvinza, dereva akakwepa ng'ombe, gari ikalala mtaroni. Nyuma tulikuwa na magodoro, ndoo za klorini ya unga ya kutibu maji, madumu ya asidi ya betri, mitungi saba ya gesi na petroli ya dereva mwenyewe (msiniulize).

Madumu yakapasuka. Kidogo tu ukatoka moshi wa kijani-njano, unanuka kama jiki mara mia, unatambaa chini badala ya kupanda. Dereva akasema mwagia maji. Nikamwaga ndoo moja, nikakohoa mpaka nikatapika. Na wanakijiji hao, washafika na vidumu.

Hakuna aliyekufa. Ila Jumatatu tunapakia tena, mzigo uleule. Nishaurini.

Chura wa Igombe
"Petroli ya dereva mwenyewe" 😂😂 Haya, wenye akili waje.

Mzee Bomba
Pole kijana. Nimestaafu zimamoto, nikueleze. Asidi ikikutana na klorini ya unga inatoa gesi ya klorini. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana ilitambaa, na wewe ulikuwa mtaroni, yaani palepale inapojikusanya. Unga huohuo ukilowa petroli unaweza kuwaka bila kiberiti. Fikiria mitungi iko pembeni.

Mzigo wa namna hiyo usiuguse. Zima injini kama unaweza bila kuchelewa, toka, tazama majani yanalalia wapi, kimbilia upepo unakotokea na upande mwinuko. Mwongozo wa dharura wanaoutumia Marekani na Kanada unaanza na mita 100 kila upande kwa mzigo mchanganyiko usioeleweka, kama urefu wa uwanja wa mpira. Tangi likiwaka wanafika mita 800. Hakuna sigara, na bodaboda zisimame mbali.

Kisha piga 114, zimamoto. Usiseme "gari imeanguka" ukakata. Taja kila kilichomo, rangi ya moshi, upepo unaelekea wapi. Kama chombo kina namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne, isome ukiwa mbali: 1203 ni petroli, 2796 ni asidi ya betri. Orodha ya mzigo kaa nayo mfukoni, ikibaki kwenye kebini haimsaidii mtu.

Maji ni ya mwili, si ya mzigo. Asidi ikikurukia, vua nguo, jimwagie maji mengi dakika 15 au zaidi.

Mkigoma Halisi
Hao wa vidumu ndio wananiumiza. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta liliua watu zaidi ya 100, na bado tunakimbilia harufu ya petroli kama sadaka ya Idi.

Mama Mwanga
Mwanangu, mbona hamjamuuliza kifua? Bado unakohoa?

Utingo wa Isevya
Shikamoo mama. Nikipandisha magodoro, pumzi inakata.

Mama Mwanga
Marahaba. Basi Jumatatu hupakii, unaenda hospitali. Mwambie daktari ulivuta klorini, usiseme "mafua".

Utingo wa Isevya
Nitaenda Kitete, mama. Mzee, tajiri anasema kugawa mzigo safari mbili ni hasara.

Mzee Bomba
Sijasema safari ya ziada. Asidi isubiri safari ijayo. Klorini ipande peke yake, ndoo zimefungwa, juu ya mbao, turubai lisilovuja. Petroli ya dereva ishuke leo. Na mwenye asidi aulizwe kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, utaona tajiri atakavyopoa.

Utingo wa Isevya
Mrejesho: petroli imeshuka, dereva kanuna. Asidi bado wanabishana.