Kujenga ulimwengu wa mchezo kutokana na Kilwa na Liyongo: nianzie wapi?

Mchora_Ramani:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu wanne hukutana kila Jumamosi jioni kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule ambao msimulizi mmoja hueleza mahali na matukio, wachezaji husema na kutenda kwa niaba ya wahusika wao, na dadu huamua yenye shaka. Kwa miaka miwili tumecheza katika nchi zilizobuniwa na wageni, zenye misonobari na theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Mwaka huu nimeamua kubuni ulimwengu wetu kutokana na historia na ngano za pwani, na Kilwa Kisiwani ya karne ya 14, mji wa biashara katika pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, ndiyo niliyoichagua iwe kielelezo cha mji mkuu.

Nimekwama mapema. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na sultani, majumba ya matumbawe, jini katika kila kisima na zimwi katika kila msitu, lakini baada ya vikao vitatu mchezaji mmoja aliniambia kwamba nimeichukua ngome ileile ya Ulaya tuliyoizoea nikaivisha kanzu. Sikuwa na la kumjibu. Naomba ushauri: mtu huchota nini hasa katika historia na ngano ili mchezo uwe na ladha ya kwao? Tena, je, nitumie majina halisi au niyabadilishe?

Bahari_Mbili:
Ndugu Mchora_Ramani, mchezaji wako amekufanyia hisani. Mimi ningeanza na upepo kabla ya jengo lolote. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huufuata na kuvirudisha. Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa safari ya msimu mmoja, hivyo mfanyabiashara aliyeitaka dhahabu ya Sofala, iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe, ama aliinunua Kilwa kwa bei ya wenye mji, ama alikubali kuchelewa kurudi kwao. Utajiri wote wa masultani wale ulisimama juu ya jambo hilo moja. Basi ugawe mwaka wa ulimwengu wako katika pepo mbili hata kabla ya kuchora kisiwa cha kwanza. Mhusika aliyekosa upepo atakaa ugenini miezi kadhaa, atakopa, ataoa, atagombana na wakwe. (Katika kundi letu, baba mkwe mmoja alituhangaisha kuliko mazimwi yote.)

Vyombo navyo vina hadithi yake. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, bila misumari, na mabaharia wa zama hizo walisimulia habari za miamba ya sumaku inayong'oa misumari ya merikebu zinazopita karibu. Jaalia kwamba masimulizi hayo ni ya kweli katika ulimwengu wako, na papo hapo utakuwa na bahari ambayo wenyeji huipita na wavamizi wenye merikebu za misumari huiogopa, bila kuhitaji mchawi yeyote.

Sasa tazama ikulu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amevaa, naye akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wakimsifu akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipofariki, nduguye Daud alishika kiti, na kila mwombaji alijibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Hapo una mji mzima uliozoea kupewa, na mtawala asiye na cha kutoa au asiyetaka kutoa. Wachezaji wako watashika upande gani?

Ngano za kuanzishwa kwa mji ndizo zinazokupa miujiza. Inasimuliwa kwamba Ali bin Hasan, aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, na kwamba mtawala wa bara alikusudia kurudi maji yakipwa, ili avuke kwa miguu na kumwua. Simulizi nyingine husema ilisomwa Kurani hadi maji yakakataa kupwa. Chukua kanuni iliyomo humo: nguo hupima ardhi, na neno lililosomwa hushika bahari. Uchawi wa mchezo wako ukifuata kanuni hizo mbili, hutahitaji mipira ya moto.

Kuhusu majina, mimi hutumia majina halisi. Vijana wetu wanaijua London kuliko Songo Mnara, magofu yaliyo jirani na Kilwa.

Mwana_wa_Shela:
Nakubaliana na Bahari_Mbili kuhusu upepo, lakini kuhusu majina napinga, na Fumo Liyongo, shujaa wa ngano za pwani ambaye sindano ya shaba ya kitovuni tu ndiyo ingemwua, na mwanawe ndiye aliyemchoma, ndiye sababu yangu. Ukimweka Liyongo kwa jina lake, kila mchezaji aliyelelewa Lamu ataulizia sindano ya shaba na kitovu kabla chai haijamiminwa, na siri itakuwa imekufa. Badilisha jina, badilisha madini, lakini uhifadhi umbo la kisa: shujaa asiyeshindwa na jeshi lolote, ambaye siri ya kifo chake inaweza kutolewa kwa mtu wa damu yake tu. Usimpe alama za nguvu. Mpe mwana, kisha uwape maadui ahadi za kumrubuni mwana huyo.

Tena usiishie kwenye kifo. Kisa cha gerezani kinatosha kwa kikao kizima. Liyongo anamwimbia kijakazi Saada ujumbe ampelekee mama: oka mkate wa wishwa, utie tupa ndani. Walinzi walikuwa wakijitwalia vyakula vizuri, kwa hiyo mkate mbaya ndio uliopita mlangoni. Kisha usiku wa gungu, watu wakiimba na kupiga ngoma nje, yeye anakata minyororo na kelele zinameza mlio wa tupa. Waachie wachezaji wako gereza, wimbo na mlinzi mlafi, halafu unyamaze uone watakachofanya.

Na baada ya kuchomwa, alipiga goti kisimani akiwa ameshika upinde, na watu wa mji wakashindwa kuteka maji wakidhani yu hai. Sijaona zimwi lolote katika vitabu vya wageni linalotisha kama maiti huyo.

Jirani_wa_Kaya:
Naongeza machache tu. Mnaposema "ngano", kumbukeni kwamba nyingine si ngano kwa wenyewe. Kaya za Mijikenda, yaani misitu yao mitakatifu katika pwani ya Kenya, bado zina wazee na miiko, na vigango (nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu) vilivyoibwa vikauzwa ng'ambo vilikuwa kumbukumbu za watu waliojulikana kwa majina. Kwa hiyo buni msitu wako mwenyewe wenye miiko yako mwenyewe. Popobawa, yule jini wa usiku, pia nashauri umwache: hofu ya mwaka 1995 kule Pemba na Unguja iliwafanya watu wakeshe nje ya nyumba zao, na wengi wao wangali hai.

Pia muulize kila adui ni nani aliyemsimulia. Wazimba, wapiganaji kutoka bara walioishambulia Kilwa mwaka 1587, tunawajua hasa kupitia Wareno, waliowaeleza kuwa walaji watu. Ukiwafanya mazimwi, umeichukua kalamu ya Mreno. Ukiwafanya watu wenye njaa, viongozi na madai yao, umepata adui ambaye wachezaji wanaweza kuzungumza naye. Vilevile wale watumwa ishirini wa fakiri: ndugu yangu Bahari_Mbili amewapita haraka mno.

Bahari_Mbili:
Ni kweli, nimewapita.

Mchora_Ramani:
Nawashukuru nyote. Nimefuta visima vyote vyenye majini isipokuwa kimoja. Mji utakuwa na jina la kubuni, ila pepo zitabaki kaskazi na kusi, maana sikupata maneno yanayozishinda. Jumamosi hii tutaanza siku ya arobaini ya sultani mkarimu: waombaji wamejaa barazani, hazina imefungwa, na kusi imebakiza siku tisa ianze. Nilitaka wachezaji wawe walinzi wa ikulu, lakini baada ya kusoma maneno ya Jirani_wa_Kaya nimeamua wawe watu wanne kati ya wale ishirini, ambao mwenye kuwapokea bado hajapata chombo cha kuondoka nao.