Beterave zangu ni majani tu, chini hakuna kitu. Nimekosea wapi?

Mama_wa_Panzi
Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu, upande wa Panzi. Mwanzo wa mwezi wa kumi nilipanda beterave, zile wenzetu wa Kenya wanaita bitiruti. Nilichanganya udongo na mbolea ya nguruwe, beseni tano nzima kwenye tuta moja, nikamwaga mbegu mstarini kama tunavyofanya kwa lengalenga, yaani mchicha. Sasa ni miezi miwili na nusu. Majani yamenifika magotini, mtu akipita anasifu. Lakini jana niling'oa tatu: moja nene kama kidole gumba, ya pili mkia wa panya, ya tatu imejisokota na mwenzake kama kamba. Jirani mwenye karoti anacheka mpaka anashika ukuta.

Pembeni mwa tuta nilipata nne za ukubwa wa yai. Nikazimenya, nikazikata vipande, nikachemsha. Maji yakawa damu tupu, beterave zenyewe zikabaki rangi ya fizi, na zinanuka udongo. Nisaidieni kwa yote mawili, shambani na jikoni.

Mkulima_Kabare
Pole mama. Ulipunguza miche?

Mama_wa_Panzi
Kupunguza namna gani? Mistari ya mwisho niliweka mbegu moja moja, na bado zimesongamana.

Mkulima_Kabare
Ndiyo hapo. Ile punje ngumu yenye makunyanzi si mbegu moja, ni kifundo cha mbegu kadhaa zilizoshikana. Ukipanda moja, wanaota wawili, watatu, hata wanne, wananyang'anyana kitanda. Wakifika urefu wa kidole unabakiza mmoja, na kati yake na mwenzake upana wa kiganja. Wengine wakate kwa makasi usawa wa udongo. Ukiwang'oa unatikisa mizizi ya yule anayebaki. Halafu beseni tano za nguruwe, mama! Mbolea nyingi hivyo inalisha majani, mzizi unasahauliwa.

Jivu_na_Jembe
Mimi niko Goma, huku tunalima juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, kuna mahali jembe linatoa cheche. Ila niliishi Bukavu. Ule udongo mwekundu wa vilimani ni mchachu, muhogo unauvumilia lakini beterave haiupendi. Tia majivu ya makala, konzi mbili tatu kwa kila hatua ya mraba, wiki mbili kabla ya kupanda. Usiyachanganye na mbolea mbichi siku moja, nguvu ya mbolea inapotea hewani. Na yasiwe majivu ya takataka zilizochomwa na plastiki.

Mkulima_Kabare
Majivu ni mazuri, sibishi. Lakini zile za pembeni ziko kwenye udongo uleule na zimenenepa. Kwa nini? Kwa sababu zilikuwa na nafasi upande mmoja. Mama alijijibu mwenyewe kabla hatujaandika.

Punguza leo hata kama umechelewa. Utakazobakiza zipe wiki tatu, baadhi zitajaza, usitegemee ukubwa wa ngumi. Mwezi wa pili panda upya, mvua bado ipo.

Shangazi_Nyawera
Mwanangu, nani alikufundisha kumenya beterave mbichi? Ukiikata inalia, rangi yote inaenda majini. Acha ngozi, acha mkia, bakiza vikonyo vya urefu wa vidole viwili. Osha polepole usiichubue. Maji yaifunike, chemsha dakika arobaini na tano mpaka saa nzima. Mimi huipandisha nikishaipua maharage, makala yawe bado yanafanya kazi. Kisu kikiingia bila kubishana, imeiva. Itie kwenye maji baridi, sugua ngozi kwa vidole gumba, inavuka kama soksi.

Ikate ingali na uvuguvugu, kamulia ndimu au siki, tia kitunguu na chumvi. Ndimu inashika wekundu na inapunguza ile harufu ya udongo, ambayo kwa sehemu kubwa iko kwenye ngozi. Magadi usiguse, yanaharibu rangi. Kwenye saladi ya viazi na mayonezi iingie mwisho kabisa, la sivyo wageni watakula kitu cha pinki.

Na majani unataka kumpa nguruwe? Hayo ni ndugu wa lengalenga. Vikonyo vitangulie sufuriani, majani yafuate, mafuta ya mawese na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bugali pembeni.

Papa_Bagira
Tahadhari kwa wanaume wenzangu. Nilikula sahani nzima, asubuhi chooni nikaona nyekundu. Nilikuwa tayari natafuta pesa ya hospitali.

Shangazi_Nyawera
Papa, hiyo huwatokea baadhi ya watu, siku moja mbili inaisha. Ukiiona bila kula beterave, hapo kimbia.

Mama_wa_Panzi
Nimepunguza. Nimetoa majani beseni mbili, jirani wa karoti amekuja kuomba, nimempa vikonyo. Nimepata nyingine mbili za pembeni, nimezichemsha na ngozi yake: nyekundu mpaka ndani, watoto wamegombea. Shida ni vidole vyangu, ni kama nimechinja, na kesho asubuhi naimba kwaya mstari wa mbele.

Shangazi_Nyawera
Ganda la ndimu na chumvi, mwanangu. Sugua mpaka kwenye kucha.