Mdogo wangu ana ugonjwa wa Wilson: je, sisi ndugu zake tupimwe hata kama hatuumwi?

Mwanatanga ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naandika kwa niaba ya familia yetu iliyopo Tanga. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 16, alianza kuwa na macho ya njano mwaka jana, kisha tumbo likajaa maji na miguu ikavimba. Tuliambiwa ni homa ya ini, lakini vipimo vya virusi vya B na C havikuonyesha kitu, na wakatokea jamaa waliomshuku mtoto kwamba anakunywa pombe kwa siri, jambo ambalo nadhani lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Hatimaye daktari bingwa mmoja akampeleka kwa mtaalamu wa macho, ambaye alimmulika kwa mashine yake na kuona ukingo wa rangi ya kahawia pembezoni mwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwenye macho yote mawili. Baada ya vipimo vya damu na mkojo tukaelezwa kwamba ni ugonjwa wa Wilson, yaani ini lake haliwezi kuitoa shaba mwilini na imekuwa ikirundikana tangu azaliwe. Ameanzishiwa penisilamini, dawa ya kuitoa shaba mwilini.

Tumezaliwa watano, na kwa sasa wengine wote hatuna dalili yoyote. Daktari amesema tupimwe wote, lakini baba anaona ni kutafuta ugonjwa usiokuwepo, na gharama nazo si ndogo. Aidha, wazazi wetu ni mtu na binamu yake, na tayari kuna maneno nyumbani kuhusu nani ameleta balaa hili. Naomba pia kujua kama vile vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha vinaweza kumsaidia, kwani nimesoma kwamba zinki hutumika kutibu ugonjwa huu na dukani vinapatikana kwa bei nafuu. Natanguliza shukrani.

Daktari wa Watoto, Dodoma, amejibu:

Dada Mwanatanga, pole kwa mnayopitia. Nianze na lililo la msingi: daktari wenu yuko sahihi, na ningemwomba mzee asiliahirishe. Katika ugonjwa huu ini huanza kuumia kimyakimya miaka mingi kabla ya macho kugeuka njano, na dalili hujitokeza zaidi kati ya umri wa miaka 5 na 35. Kwa hiyo ndugu asiye na dalili leo anaweza kuwa yuko njiani tu, na yeye ndiye anayenufaika zaidi na matibabu kuliko mwingine yeyote katika familia, kwa sababu akianza dawa kabla ini halijaingia makovu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuugua.

Shaba tunayokula hufyonzwa utumboni na kupelekwa kwenye ini, na inayozidi mahitaji hutolewa kupitia nyongo na kutoka na choo. Kazi ya kuisukuma kwenye nyongo hufanywa na protini iitwayo ATP7B, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 13 na ilitambuliwa mwaka 1993. Mtoto huugua pale tu anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe, wakiwa na nakala moja mbovu na moja nzima, hawaugui na hawana namna ya kujijua. Kila mimba yao ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mgonjwa, nusu kuzaa mbebaji asiyeugua kama wao, na robo kuzaa mtoto asiye na kasoro hiyo kabisa. Robo hiyo haipungui kwa kuwa tayari mtoto mmoja ameugua. Kuhusu maneno ya nyumbani: ndoa ya mabinamu huongeza uwezekano wa wawili kubeba kasoro ileile waliyoirithi kwa babu au bibi mmoja, lakini ugonjwa huu huwapata pia watoto wa wazazi wasio na undugu wowote, na kwa vyovyote vile hauwezi kuletwa na mzazi mmoja. Anayemtafuta mkosaji hapa hatampata.

Vipimo vya kuanzia si vya kutisha. Kila ndugu achunguzwe na daktari, apimwe vimeng'enya vya ini, kiwango cha seruloplazimini (protini inayobeba shaba) kwenye damu, shaba kwenye mkojo wa saa 24, na macho yaangaliwe na mtaalamu. Macho yasipoonyesha pete, yaani ukingo wa kahawia kama aliokutwa nao mdogo wako, msidhani mmesalimika, kwa sababu takribani nusu ya wagonjwa ambao ugonjwa umewashika ini pekee hawana pete hizo. Seruloplazimini nayo ina udhaifu wake: wabebaji wengine huwa nayo chini kidogo bila kuumwa, na mgonjwa mwenye uvimbe wa ndani (inflamesheni) anaweza kuonekana ana kiwango cha kawaida. Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha jeni. Kwa kawaida sampuli hupelekwa nje ya nchi, lakini kasoro mbili za mdogo wako zikishajulikana, kuzitafuta kwa ndugu zake ni kazi rahisi zaidi kuliko kusoma jeni nzima upya kwa kila mtu.

Niongeze jambo kwa wahudumu wenzangu wanaopita hapa. Kuanza na virusi vya homa ya ini ni sahihi katika mazingira yetu, na kwa wanaotoka kanda ya Ziwa kichocho nacho hakipaswi kusahaulika. Kosa ni kuishia hapo. Kijana ambaye ini limeharibika na vipimo vya virusi havina kitu afikiriwe Wilson, hasa kama ana upungufu wa damu unaotokana na chembe nyekundu kupasuka huku kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia, kikiwa hasi. Kinnier Wilson alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1912 huko London alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, na nadhani ndiyo sababu hadi leo wengi wetu tunausubiri uonekane kwa mitetemo ya mikono, wakati kwa watoto mara nyingi huanzia kwenye ini.

Mfamasia Mstaafu amejibu:

Naomba nijibu la zinki, kwa kuwa ni swali zuri na lina hatari ndani yake. Ni kweli kwamba zinki ni tiba inayotambulika. Huzifanya seli za utumbo zitengeneze protini inayoishika shaba, na seli hizo zinapopukutika, kama zinavyofanya kila baada ya siku chache, hutoka na choo pamoja na shaba iliyonaswa. Inafanya kazi polepole, ndiyo maana hutumika zaidi kwa wasio na dalili na kwa wale ambao shaba yao imekwisha kupunguzwa kwa dawa nyingine. Kijana mwenye tumbo lililojaa maji hawezi kuachiwa zinki peke yake, mbadala wa penisilamini, kwa uamuzi wa nyumbani.

Vidonge vya watoto wanaoharisha vina miligramu 20 za zinki kila kimoja, na hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa Wilson huhitaji miligramu 150 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, tena kwa maisha yake yote. Kama mmoja wa ndugu zako atakutwa na ugonjwa na daktari akaamua kutumia zinki, anaweza kupanga dozi kwa kutumia vidonge hivyo iwapo hakuna vingine, lakini hesabu hiyo aifanye yeye na vipimo vifuatiliwe. Mkitumia zinki na penisilamini kwa mgonjwa mmoja, zisimezwe kwa wakati mmoja, kwani hunasana tumboni na zote mbili hupoteza nguvu.

Kuhusu penisilamini yenyewe, ameze saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake, na aulizwe daktari kuhusu vitamini B6, ambayo huhitajika pamoja nayo. Wiki za mwanzo akipata homa na vipele arudi hospitali haraka, na mkojo upimwe protini mara kwa mara, pamoja na damu, kwa sababu dawa hii inaweza kudhuru figo na kushusha chembe za damu. John Walshe, daktari Mwingereza aliyeianzisha katika tiba hii mwaka 1956, aliimeza yeye kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Jina lake limefanana na penisilini kwa sababu iligunduliwa kama mabaki ya penisilini kwenye mkojo, na ufanano huo umewahi kuwaponza wateja dukani kwangu: mtu humaliza chupa, akajiona mzima, akasema amemaliza dozi. Dozi hii haimalizwi. Mgonjwa wa Wilson akiiacha, ini linaweza kufa ghafla ndani ya miezi au miaka michache, na likishafikia hapo kinachobaki huwa ni kupandikizwa ini jingine, jambo ambalo wengi wetu hulifuata India kwa gharama isiyo ya kawaida.

Mama Rukia, Mombasa, amejibu:

Mwanangu, usihangaike peke yako. Binti yangu anaishi na ugonjwa huu na sasa yuko chuoni. Kwake ulianza na daftari. Mwalimu wake wa Kiswahili aliniita akanionyesha insha: mistari ya juu ilikuwa na mwandiko wake niujuao, halafu herufi zikawa zinapungua ukubwa kadiri alivyoendelea, hata mistari ya chini haikusomeka. Sisi tulidhani ni uvivu, bibi yake akadhani ni husuda, na tulizunguka kwa waganga hadi mate yalipoanza kumtoka asipotaka. Kumbe ini nalo lilikuwa limeanza kusinyaa, ila halikuwa likilalamika.

Chakula kwetu pwani ndicho kilichonipa kazi. Alikatazwa maini, pweza, ngisi, kaa, korosho, uyoga na chokoleti, hasa mwaka wa kwanza, na birika la shaba la mama mkwe likaenda kabatini. Samaki wa kawaida, kuku, wali, ugali na mboga nyingi anakula. Daktari alinionya kwamba mlo pekee hautibu, na namwamini, kwa kuwa nimeona familia iliyomnyima mtoto pweza kwa uaminifu mkubwa huku dawa ikikatika kila mwisho wa mwezi. Nakushauri muwe na akiba ya dawa ya miezi miwili nyumbani, maana huadimika. Siku akiolewa msije mkamwachisha dawa kwa ajili ya mimba. Dozi inaweza kupunguzwa, lakini haiachwi.

Mwanatanga ameandika:

Nimewasomea wazazi majibu haya yote, na baba amekubali tuanze. Shikamoo Mama Rukia, na ahsante sana. Daktari, tumepewa karatasi ya mkojo wa saa 24 lakini hatukuelezwa namna ya kuukusanya, na mdogo wetu wa mwisho ana miezi minane tu.

Daktari wa Watoto, Dodoma, amejibu:

Huyo wa miezi minane asubiri, kwani watoto wachanga huwa na seruloplazimini ya chini kwa asili na jibu litawapotosha; mrudisheni akishapita mwaka mmoja, isipokuwa kama kipimo cha jeni kitapatikana mapema.

Kwa wengine, ombeni chombo maabara, kiwe cha plastiki kilichosafishwa kwa ajili ya vipimo vya madini, msitumie dumu la nyumbani. Asubuhi ya siku ya kwanza mtu akiamka akojoe chooni na aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, mchana na usiku, pamoja na mkojo wa kuamkia asubuhi ya pili saa ileile. Ukimwagika au mtu akisahau akaenda chooni shuleni, aanze upya siku nyingine, kwa sababu maabara huhesabu jumla ya shaba kwa siku nzima. Chagueni siku ya mapumziko. Na wakati mnasubiri majibu, mdogo wako mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kulala kupita kiasi, kutapika damu, au mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.