Mrejesho: vanishi juu ya rangi ya maji na ya mafuta

Wakuu, niliuliza kama vanishi moja inafaa kwa Spitfire yangu ya 1/72 (modeli ya plastiki ya ndege ya kivita, ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), ambayo mwili nimepaka akriliki, yaani rangi ya maji, propela na matairi nikapaka enameli, yaani rangi ya mafuta. Asanteni, hasa aliyeshauri nijaribu kwanza kwenye vijiko vya plastiki.

Vanishi ya maji imeshika vizuri juu ya zote mbili, ila enameli niliiacha kwanza mpaka ikaisha harufu kabisa. Pua ndiyo kipimo. Ile ya kopo la kupuliza, yenye tina kali (kiyeyusho cha rangi), iliikunja enameli palepale, ikajikunyata kama utando wa maziwa. Juu ya akriliki, mpulizo mwepesi haukuleta shida.

Basi ndege imeanza na vanishi ya maji ya kung'aa, ndipo stika, maana kwenye rangi yenye ukwaru hewa hunasa chini yake na kuacha weupe. Kisha nikapitisha rangi nyeusi ya mafuta, iliyozimuliwa kwa tapentaini, kwenye mistari ya mbawa. Akriliki ya chini haikuguswa. Mwisho vanishi isiyong'aa. Kioo cha rubani kizibeni kwa utepe kabla ya hapo, la sivyo kitapata ukungu.