Tupeane uzoefu: serikali ya kijiji chenu ilifanya nini wakati wa korona?

Mjumbe wa Pangani (mwanzisha mada)

Salamu kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Naomba tuzungumze jambo ambalo naona linasahaulika haraka. Korona ikitajwa, wanatajwa marais, mawaziri na madaktari. Kijijini kwetu hatukumwona hata mmoja wao. Tuliogongewa mlango alfajiri ni sisi wa halmashauri ya kijiji, na ningependa tuandike tulichofanya, kizuri na kibaya, kabla waliokuwepo hawajaisha.

Nianze mimi. Niliingia kwenye halmashauri kwa nafasi za wanawake katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019. Miezi minne ilikuwa haijatimia mgonjwa wa kwanza nchini alipotangazwa, Machi 16, 2020, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Wajumbe tulikuwa 21, wengi wapya kama mimi, na hakuna hata mmoja aliyesomea afya. Mtendaji alituita chini ya mkungu pembeni ya ofisi akatusomea maelekezo: kunawa, kuepuka misongamano, kutoa taarifa ya mgeni mwenye dalili. Karatasi moja. Yaliyobaki tulijitafutia wenyewe.

Kunawa tulikuweza. Vijana walitengeneza vibuyu chirizi: dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kikining'inia pembeni. Tukaviweka msikitini, dukani, zahanati na pale zinapoegeshwa ngalawa. Siku ya tatu sabuni zote hazipo. Tukashukiana, maneno yakawa mengi, mpaka mtoto mmoja akatuonyesha kunguru juu ya mnazi, kipande cha sabuni mdomoni. Toka siku hiyo sabuni zikawa zinavalishwa soksi kuukuu na kufungwa fundo. Ilisaidia.

Lililotuelemea ni misiba.

Watu wa mwambao hamhitaji kuelezwa. Kwetu mfiwa hapiki. Watu wanakaa matanga siku tatu, wanaume nje kwenye majamvi, wanawake ndani kwenye mikeka bega kwa bega, na wali unakuja kwenye sinia, watu watano sita mikono yote humo. Halmashauri ilikaa mpaka saa tano usiku kwa jambo hilo moja. Tulitoka na maamuzi matatu: matanga iwe siku moja, ndugu wa mbali watoe pole kwa simu, na sinia zisitumike. Sasa sahani tunatoa wapi? Kuna kikundi cha akina mama kinachokodisha vyombo vya harusi, wana sahani za melamini 120. Tuliwaomba wazitoe bure kwenye misiba. Wakakubali kwa sharti kwamba tuzihesabu mbele yao zikitoka na zikirudi.

Wiki ya pili ya Aprili akafariki mzee mmoja mvuvi. Kifua kilimsumbua miaka mingi, na hakuna aliyepima wala aliyejua ni nini kilichomchukua. Nikatumwa mimi kwa dada yake, kwa kuwa nyumba ile nimeingia tangu mdogo. Nilikaa chini mbele yake nikamweleza uamuzi wa kijiji. Alinitazama kitambo kirefu, akasema: "Mwanangu, kaka yangu amebeba majeneza ya watu wote wa hapa. Leo lake libebwe na watu wa kuhesabu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mazikoni tulikuwa watu kama 30, tukala kwenye sahani, na usiku ule hakuna aliyelala jamvini kumsindikiza mfiwa. Bibi yule hakunisemesha wiki nyingi.

Haya jamani, na kwenu?

Kando ya Barabara, Mkinga

Pole dada. Sisi tuko kwenye barabara ya Tanga kwenda Horohoro, mpakani na Kenya. Katikati ya Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka kwa watu, ikaacha malori ya mizigo tu, na madereva lazima wapimwe. Malori yakaja yakasimama. Dereva analala chini ya gari lake, na lazima ale.

Mamantilie wetu walikuwa saba. Kikao kilipoitwa, watu walikuja wameshapandisha, wanataka wale mama waondolewe barabarani kwa kuwa "wanatuletea ugonjwa majumbani". Akasimama mjane mmoja, akasema, "Nikifunga mimi leo, kijiji kitanilishia watoto?" Hakuna aliyejibu. Kamati ya ulinzi na usalama ikaomba siku mbili ikafikiri, na walichokuja nacho nawavulia kofia. Ilifungwa kamba ya katani kutoka mwembe hadi mwembe. Dereva anabaki upande wake na bakuli lake mwenyewe, mama anamchotea kwa upawa wa mpini mrefu, na pesa inatumbukizwa kwenye kopo la maji ya sabuni. Jioni ungekuta noti zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zinakauka.

Kilichoniuma ni kingine. Sisi Wadigo tuko huku na tuko kule. Shangazi yangu kaolewa Vanga, upande wa Kenya, na kutoka Jasini ya kwetu Vanga ni jirani kabisa. Mumewe alipofariki tulipata habari siku ileile, na hatukuvuka. Mwenyekiti wa kitongoji angeweza kufumba macho tu, maana vijana wa bodaboda njia za panya wanazijua zote. Alikataa. Lakini hakutuacha. Alikuja akakaa nasi barazani tangu alasiri hadi Isha, simu imewekwa katikati, tunamsikia shangazi analia na sisi tunaitikia dua kutoka huku. Nimemheshimu sana kwa siku ile.

Mwambao, Bagamoyo

Mimi nitasema lililoharibika, kwa sababu nadhani ndilo linalofundisha.

Kijiji chetu hakiko mbali na barabara ya Dar. Habari zilipokuwa mbaya mjini, Aprili ile, watu walirudi kwao kwa wingi. Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Wetu walikuja wakakaa. Halmashauri ikafungua daftari la wageni: jina, ametoka wapi, kafikia kwa nani, ana homa au hana. Mabalozi wa nyumba kumi wanapita jioni, mgambo wanapeleka daftari ofisini. Mwezi wa kwanza lilifanya kazi kweli. Mgeni akikohoa, zahanati inajua kabla hajamaliza siku mbili.

Kisha mgambo mmoja akaanza kuchukua 5,000 kwa mgeni ili asiandikwe. Liligundulika pale mwenye nyumba mmoja aliposimama kikaoni na kusema yeye ametoa 10,000 kwa wageni wawili. Yule mgambo alisimamishwa palepale, nasema kwa haki, halmashauri haikumlinda. Lakini daftari lilikuwa limeshakufa. Watu walishaanza kuliona kama kitabu cha polisi. Jirani yangu alimficha mwanawe chumbani siku tisa, kijana ana homa na pumzi zinakatika, anapigwa nyungu asubuhi na jioni: mchaichai, mkaratusi, malimao, blanketi mbili juu yake. Zahanati ilikuwa umbali wa kutembea dakika tano. Niligundua kwa sababu nilimsikia anakohoa usiku kupitia ukutani. Nilikwenda kwa mama yake, nikamkuta kakaa mlangoni na ungo mapajani, hapepeti chochote. Akaniambia, "Baba, usiniandikie mtoto."

Kijana alipona, namshukuru Mungu. Lakini lile daftari lilipaswa kushikwa na mhudumu wa afya wa kijiji, mtu ambaye mama anamjua tangu kliniki ya watoto. Tulimpa mtu mwenye rungu. Kosa hilo ni letu sote tuliokaa kwenye kikao kile na kunyanyua mikono, mimi nikiwemo.

Nyungu Njema

Hapo kwenye nyungu umenikumbusha. Kwetu mikaratusi ya shule ilichumwa mpaka matawi ya chini yakabaki matupu. Halmashauri ikapanga siku mbili kwa wiki za kuchuma na mzee wa kusimamia. Tangawizi na malimao ndiyo usiseme, bei ilikuwa haishikiki.

Chungwa, Muheza

Mimi si mjumbe wa chochote, ni mwananchi, na nina dukuduku ambalo nimelibeba muda mrefu.

Kila kaya ilitoa 1,000 za kununua ndoo za koki na sabuni. Tulitoa kwa moyo. Ndoo zilikuja nne. Tulikuwa kaya zaidi ya mia tatu. Tukasema sawa, tutauliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana kila miezi mitatu ndipo mapato na matumizi yanaposomwa na hata asiyejua kusoma anayasikia. Wa Machi ukaahirishwa kwa sababu ya msongamano. Hilo tulilielewa. Wa Juni ukaahirishwa. Agosti kampeni za uchaguzi mkuu zikaanza, viwanja vikajaa watu, ngoma zikapigwa, hakuna aliyetaja msongamano. Septemba mkutano wetu wa kijiji ukaahirishwa tena, sababu ni ileile.

Hapo ndipo nilipoumia. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, tulizika watu. Lakini kuna walioukalia kama kiti.

Nini kilitokea baadaye? Mwishoni mwa 2021 zikaja fedha za UVIKO, yaani za korona, za kujenga madarasa, milioni 20 kwa darasa, na shule yetu ikapata. Tukaombwa nguvu za wananchi: kuchimba msingi, kusomba mchanga, akina mama kuteka maji. Siku ya kwanza walijitokeza watu sita. Mtendaji, ambaye alikuwa mgeni, akashangaa. Mzee mmoja akamwambia taratibu, "Mwanangu, tusomee kwanza za ndoo." Kijana yule hakukasirika. Aliitisha mkutano, akafukua mafaili, akasoma alichokikuta na akasema wazi kisichoonekana. Kisha zikachaguliwa kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, na kila mfuko wa saruji ulioingia uliandikwa kwa chaki ubaoni, nje ya ofisi. Wiki iliyofuata mchanga ulisombwa mpaka ukabaki.

Chaki

Na mimi nipo Muheza, mwalimu. Shule zilifungwa Machi 17, zikafunguliwa Juni 29, 2020. Vipindi vya redio vilikuwepo, ila redio yenyewe iko na baba shambani. Msimu wa machungwa ulipopamba moto, wavulana wa darasa la saba walikuwa wanalipwa kwa tenga. Kamati ya huduma za jamii ya kijiji iliwaomba walimu wastaafu wawili wafundishe chini ya miti, watoto kumi kumi, na wale wazee walifanya hivyo bila posho, mmoja wao anatembelea fimbo.

Tulipofungua, wavulana 14 hawakurudi. Nilimpa mwenyekiti wa kijiji majina. Alichukua baiskeli akazunguka mashambani siku nne, anasimama chini ya kila mti wenye watoto na kuita majina kama anaita mahudhurio. Alirudisha 11. Mtihani wao wa Oktoba walifanya. Wale watatu nawafikiria mpaka leo. Mmoja huwa ananiuzia machungwa stendi, na huniongezea mawili kila mara.

Kando ya Barabara, Mkinga

Mwalimu, huyo mwenyekiti Mungu ampe umri. Mjumbe wa Pangani, hujatumalizia. Yule bibi mlipatana?

Mjumbe wa Pangani (mwanzisha mada)

Nilikuwa nasita kuliandika hili.

Arobaini ya marehemu iliangukia Ramadhani, ikasogezwa hadi baada ya Idi, mwishoni mwa Mei. Sikualikwa. Nilikwenda hivyo hivyo, nimebeba zile sahani kwenye beseni, zimehesabiwa, 40. Nikaingia uani, nikatoa salamu, nikaanza kuosha mchele na wenzangu. Bibi hakusema kitu. Chakula kilipoiva alimwita mjukuu wake, akamwambia abebe lile beseni alirudishe kwa wenyewe. Kisha akaletewa sinia ndogo, akaiweka mbele yake, akapiga mkeka kwa kiganja, pale pembeni yake.

Mimi ndiye niliyewatangazia watu wote kwamba sinia zisitumike. Nilikaa. Tulikula wanne, yeye, binti zake wawili na mimi. Alinimegea samaki akaniwekea upande wangu, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto.

Jumatatu nililieleza kwenye halmashauri. Mwenyekiti akauliza kama nataka liandikwe kwenye muhtasari. Nikasema liandikwe, na liliandikwa.

Wa Korogwe, Lushoto na Handeni, hamjasema kitu. Na Bagamoyo, wewe uliyesema la daftari, nina swali: baada ya pale mliwahi kumkabidhi mhudumu wa afya, au liliishia kabatini?