Bei ya Kiingereza imebadilishwa, ya Kiswahili imeachwa, na anayetukanwa ni mimi

Wadau, salamu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite.

Mimi ndiye ninayeshika kurasa za Kiswahili za duka moja la vyombo vya nyumbani hapa Nairobi. Majiko ya gesi, friji, birika za umeme, blenda. Duka liko katikati ya jiji, stoo iko Industrial Area, na sehemu kubwa ya mauzo siku hizi hupitia kwenye tovuti. Jina silitaji, bado nakula hapo.

Jumatatu ya wiki jana, saa tatu kasorobo asubuhi, niko ndani ya matatu Jogoo Road, foleni haisongi, nikapigiwa simu na watu wa huduma kwa wateja. "Kuna mama hapa hatuelewani naye. Anasema ni ukurasa wako." Kabla sijauliza ukurasa gani, simu ikawa imeshatiwa mkononi mwa huyo mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika jiko ni elfu ishirini na nne, mia tisa tisini na tisa?"

Ni mimi. Niliandika Alhamisi. Mama alikuwa amefungua ukurasa asubuhi hiyo hiyo, akiwa kwake Kayole, akaona bango limeandikwa 24,999, akabonyeza kununua, akaweka namba ya simu. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia kumwomba PIN, ulikuwa unaomba 31,500. Hakuweka PIN. Alipanda gari akaja mjini na simu mkononi, ukurasa ukiwa wazi vilevile, ili mtu asije akamwambia ameota. Maneno yake yamenikaa: "Mwanangu, mimi sikuja kuomba kupunguziwa. Nataka mniambie bei ya kweli ni ipi kati ya hizi mbili."

Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi sikujua kama ofa imekwisha.

Mambo yalikuwa hivi. Ofa ilianza Ijumaa na ikaisha Jumapili saa sita usiku. Bei kwenye mfumo ikarudi yenyewe. Bango la Kiingereza likaondolewa, maana kwenye kalenda ya mauzo kuna jina la mtu na saa ya kuliondoa. La Kiswahili halina jina la mtu yeyote. Na bei yake imeandikwa ndani ya picha yenyewe, pamoja na aya mbili chini yake nilizozichapa kwa mkono kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa nifanye. Mfumo ukipandisha bei, picha haijui. Inabaki pale inatabasamu na 24,999 yake.

Mchana nikapata barua pepe ya meneja, na nakala kwa watu sita: "Tafsiri imetuaibisha."

Tafsiri! Tafsiri ilikuwa sawa neno kwa neno. Aliyetafsiri kadi ya harusi halaumiwi ndoa ikivunjika. Kilichokosewa ni kwamba kampuni nzima inajua ofa inaisha lini isipokuwa mtu aliyeiandika kwa lugha ambayo yule mama aliisoma.

Wala msidhani ni jambo la aibu tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kile anachonunua. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inakataza kumpa mteja taarifa za uongo au za kupotosha. Nimezisoma zote mbili, sijaona mahali paliposemwa kwamba uongo wa Kiswahili ni uongo mdogo. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Na hii si mara ya kwanza. Wengi mnakumbuka Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani, VAT, iliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Ukurasa wa maswali wa Kiingereza ulirekebishwa kabla watu hawajaamka kwenye mwaka mpya. Nilipoajiriwa, muda mrefu baadaye, ule wa Kiswahili ulikuwa bado unamwambia mteja asilimia 14. Hakuna aliyeukataa, hakuna aliyeukumbuka. Ulitafsiriwa mara moja ukaachwa kama mtoto wa kambo.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wakubwa wanadhani kutafsiri ukurasa ni kama kupaka ukuta rangi: umemaliza, umekwenda zako. Lakini ukurasa wa mauzo hautulii. Leo waranti imepunguzwa kutoka miaka miwili hadi mmoja. Kesho kupelekewa mzigo bure kumebaki ndani ya Nairobi peke yake, watu wa Mlolongo na Kitengela walipe. Keshokutwa rangi nyeupe imeisha. Kila badiliko linaandikwa kwa Kiingereza, na mimi nalijua mteja akilalamika. Nimeomba kitu kimoja tu, tena kwa maandishi: sentensi ya Kiingereza ikiguswa, mwenzake wa Kiswahili awekewe alama kwamba amepitwa, na kama ni bei au tarehe, afichwe mpaka mtu amwangalie. Huo si uchawi. Gettext, zana ya kutunza tafsiri za programu ambayo watu wa programu huria wameitumia tangu miaka ya 1990, hufanya jambo la namna hiyo: maneno ya asili yakibadilika, tafsiri ya zamani hutiwa alama ya kutiliwa shaka, na kwa kawaida haitumiki tena hadi mtu aithibitishe. Nikajibiwa "tutaliangalia robo ijayo." Robo hiyo imepita, na iliyofuata nayo imepita.

Badala yake wakaniletea mashine. Kuna mtu, jina nalihifadhi, alibonyeza kitufe cha "tafsiri zote" kwenye programu-jalizi, yaani kiongezo cha tovuti, iliyosakinishwa bila mimi kuambiwa. Kazi yangu ya miezi minne ikafunikwa kwa usiku mmoja. Asubuhi nafungua tovuti, kikapu cha manunuzi kimekuwa "mkokoteni". Mkokoteni! Mteja anaambiwa aongeze friji kwenye mkokoteni, unadhani uko Marikiti unapakia viazi. Bidhaa zilizorudi dukani zikawa "nyuma katika hisa". Jiko la gesi likawa "mpishi wa gesi". Na kwenye maelezo ya malipo, pale ambapo Mkenya yeyote anategemea kuona namba ya till, yaani namba ya duka ya kulipia kwa M-Pesa, mashine ikadhani "till" ni lile neno la Kiingereza la kusema "mpaka", ikaandika: "Lipa kupitia Hadi Namba". Nilicheka peke yangu mezani mpaka mwenzangu akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikakumbuka kwamba watu wanaangalia pale kabla ya kutuma pesa zao.

Hayo ya kuchekesha yana nafuu, maana mteja anaona mara moja kwamba pameharibika. Kibaya zaidi ni kosa linalosomeka vizuri. Ukurasa wa Kiingereza ulisema mizigo hufikishwa kuanzia 8am hadi 2pm. Mashine ikaandika "saa 8 hadi saa 2". Sentensi safi kabisa. Ila kwa msomaji wa Kiswahili saa nane ni mchana, na saa mbili ni jioni giza likishaingia. Mteja mmoja wa Kitengela alitoka kazini mapema ili awe nyumbani saa nane ya mchana. Mwenye pikipiki alikuwa ameshapiga honi getini saa nne asubuhi, akakuta kufuli, akageuza. Mteja akatozwa usafiri mara mbili. Alipolalamika akaambiwa "ilikuwa kwenye tovuti". Kweli ilikuwa kwenye tovuti.

Kuna na hili la ngeli, na hapa nawaomba radhi wasiopenda sarufi. Kiolezo cha ujumbe wa simu kimeandikwa "[bidhaa] yako imetumwa", na mfumo unachomeka jina la bidhaa mwanzoni. Walijaribu kwa friji: "Friji yako imetumwa." Makofi, kikao kikafungwa. Kesho yake wateja wakaanza kupokea "jiko yako imetumwa", "mtungi yako imetumwa", na kile nilichokipiga picha nikakihifadhi, "vijiko yako imetumwa". Najua, najua, Nairobi tunasema "jiko yangu" na mtaani sina neno na mtu, hata mimi baada ya miaka mingi hapa hunitoka. Lakini duka linalotaka nilitumie elfu thelathini na moja na mia tano lizungumze kama duka. Fundi wa tovuti akaniuliza kwa nini Kiswahili kina matatizo mengi hivi. Nikamwambia aandike "Oda yako imetumwa: jiko la gesi", neno oda ndilo libebe upatanisho, na jina la bidhaa likae nyuma ya nukta mbili lisisumbue mtu. Dakika tano. Ilichukua wiki tatu kuidhinishwa.

Sasa lile lililonifanya nifungue uzi. Ijumaa tulikuwa na kikao cha mauzo. Meneja akaweka mchoro ukutani: wageni wa kurasa za Kiingereza huku juu, wa Kiswahili huku chini, mstari umelala kama mgonjwa. Akasema, "Takwimu zinaonyesha wateja wetu hawasomi Kiswahili." Akapendekeza bajeti ya Kiswahili ihamishiwe kwenye matangazo.

Nilirudi mezani nikafungua msimbo wa kurasa zile mwenyewe. Kila ukurasa wa Kiswahili ulikuwa na mstari wa rel="canonical" unaotaja ukurasa wa Kiingereza. Kwa wasiojua, mstari huo ndio unaoiambia Google ukurasa upi ni wa kuorodheshwa. Ukurasa uliotafsiriwa unatakiwa ujitaje wenyewe. Wa kwetu ulikuwa unasema, "Mimi ni nakala tu, mwonyesheni mwenzangu." Nikashuka kwenye hreflang, tagi ambazo Google imezipokea tangu 2011 ili ijue ukurasa upi ni wa lugha ipi. Mtu ameandika "ke". Ke ni nchi, jamani. Lugha ni sw. Ukitaka Kiswahili cha Kenya unaandika sw-KE, ila nchi peke yake haikubaliki. Tena kurasa za Kiswahili zilizitaja za Kiingereza, lakini za Kiingereza hazikuzitaja za Kiswahili, na Google hutaka zitajane pande zote mbili, la sivyo tagi hizo zaweza kupuuzwa.

Miezi saba. Miezi saba tumeiambia Google isituonyeshe, kisha tunashangaa hatuonekani. Umefunga mlango wa duka kwa kufuli, umekaa ndani unahesabu wateja, halafu unaandika ripoti kwamba mtaa huu watu hawanunui.

Nilipeleka hayo kwa maandishi, na picha za skrini. Kurasa za bidhaa zikarekebishwa mchana uleule, nimshukuru fundi kwa hilo. Kurasa za ofa, ambazo ndizo zinazotafutwa na watu, bado. Mchoro wa ukutani haujaguswa.

Na mnajua kinachonikera zaidi? Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliitangaza Novemba 2021, tunaweka bango ukurasa wa mbele: "Tunajivunia Kiswahili." La mwaka jana lilikaa hadi Septemba. Hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuliondoa.

Kama kuna mdau anayeshika kurasa za lugha mbili au tatu za duka, aniambie kwao nani mwenye mamlaka ya kushusha ofa. Sitaki habari za programu gani ni nzuri. Nataka kujua ni mtu gani.

NYONGEZA, Jumapili jioni:

Mnaouliza habari za yule mama: alipewa jiko kwa 24,999 baada ya kukaa kwenye kiti cha mapokezi hadi saa saba na kukataa chai mara mbili. Kuna aliyependekeza zile 6,501 zikatwe kwangu. Hazijakatwa bado.

Aliyesema tuandike Sheng tu: Sheng kwenye tangazo la mitandaoni sawa, hata mimi huandika. Masharti ya waranti kwa Sheng ukinionyesha, nitakununulia chapati madondo.

Aliyesema ninyamaze nitafute kazi nyingine: natafuta.

Sasa hivi meneja amenitumia ofa mpya ya friji, inatakiwa iwe hewani kesho asubuhi kwa Kiswahili. Pale pa tarehe ya mwisho ameandika "Jumapili saa 12 usiku". Nimemuuliza: ni saa kumi na mbili ya jioni au saa sita ya usiku? Tiki mbili za buluu. Hajajibu.