Kuiona na kuiamuru kompyuta ya boti kwa tableti kutoka kwenye usukani

Swali

Ndugu mabaharia, salaam. Boti yangu ya tanga ina kompyuta ndogo ya Windows iliyofungwa kwenye meza ya ramani ndani ya chumba, nayo inaendesha OpenCPN, programu ya ramani za baharini, huku ikipokea taarifa za GPS, AIS (mfumo wa redio unaoonyesha vyombo vingine vilipo) na kina cha maji. Anayeshika usukani yuko nje, shetrini, na kila anapotaka kutazama ramani hulazimika kushuka ngazi au kumwita mwenzake, jambo lisilofaa kabisa tunapopita karibu na miamba au tunapoingia bandarini usiku. Ninayo tableti ya Android. Je, ninaweza kuiona skrini ya kompyuta kwenye tableti na kuiamuru kwa kidole, hata tukiwa mbali na pwani ambako hakuna intaneti?

Jibu la 1

Inawezekana, ndugu yangu, na intaneti haihitajiki, kwa sababu vifaa hivyo viwili vitawasiliana kupitia mtandao wa ndani ya chombo chenyewe. Tafuta ruta ndogo ya Wi-Fi inayokubali umeme wa volti 12 moja kwa moja, ili usilazimike kuwasha inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kwa ajili yake. Kwenye kompyuta weka seva ya VNC, yaani programu inayotuma picha ya skrini na kupokea amri kutoka kifaa kingine, kwa mfano TightVNC ambayo hailipiwi, na kwenye tableti weka programu yoyote ya kutazamia VNC, kisha uandike anwani ya IP ya kompyuta, yaani namba yake kwenye mtandao. Poti (namba ya mlango wa mawasiliano) ya kawaida ni 5900. Iagize ruta iipe kompyuta anwani ileile siku zote, la sivyo anwani inaweza kubadilika, nawe utaanza kuitafuta wakati mbaya.

Wengi hukimbilia RDP, njia ya kuiamuru kompyuta ukiwa mbali iliyomo ndani ya Windows, lakini toleo la Home halipokei muunganisho huo, na hata matoleo yanayoupokea huifunga skrini ya kompyuta pale unapoingia kwa tableti, hivyo aliye mezani haoni tena ramani. VNC huwaonyesha nyote picha moja. Programu za kazi hii zinazotegemea seva za nchi kavu kupitia intaneti ziache kabisa, kwani zinaweza kukuangusha mara tu mtandao wa simu unapopotea.

Zima usingizi wa kompyuta, na ikiwa haina skrini iliyochomekwa, ichomeke kifaa kidogo cha HDMI kinachojifanya skrini, maana bila hicho huenda ukapata picha ndogo isiyosomeka. Android nayo, ikigundua kuwa Wi-Fi haina intaneti, inaweza kuiacha na kuhamia data ya simu, iamuru ibaki. Jambo ninalolisisitiza ni usalama: TightVNC hutumia nywila isiyozidi herufi 8, na picha zake husafiri bila kufichwa, kwa hiyo ulinzi wako halisi ni nywila ndefu ya Wi-Fi yenye ulinzi wa WPA2 au WPA3, hasa ukiwa umefunga gatini kati ya boti za wengine.

Jibu la 2

Naongeza dogo tu. Ikiwa boti ni ya chuma au alumini, Wi-Fi ya chumbani haitafika nje vizuri, kwa hiyo ipeleke antena juu ya sitaha. Fiberglasi na mbao hazisumbui sana.

Jibu la 3

Ninakubaliana na aliyotangulia kuyasema mwenzetu, lakini kuna hatari moja ambayo sitaki ipite bila kutajwa. Muunganisho wa VNC ukikwama, picha ya mwisho inaweza kubaki kwenye tableti ikionekana nzima, na alama ya boti imesimama mahali mlipokuwa dakika kadhaa zilizopita. Mwenye usukani akiamini picha hiyo karibu na mwamba, chombo kinaweza kuangamia. Weka saa yenye sekunde kwenye skrini, na kila mshika usukani azoee kuitazama kabla ya kuitazama ramani.

Kwa sababu hiyo mimi napendelea kupeleka data badala ya picha. OpenCPN inaweza kusambaza sentensi za NMEA 0183 (lugha ya kawaida ya vifaa vya baharini) kwa TCP au UDP, ambazo ni njia mbili za kutuma data mtandaoni, na poti inayotumiwa mara nyingi ni 10110. Tableti huzipokea kwa programu yake ya ramani, ikiwemo OpenCPN ya Android. Kompyuta ikizimika, bado una ramani mkononi, na kama tableti ina GPS yake, una mahali ulipo pia. Kasoro yake ni kwamba njia uliyochora kwenye kompyuta haitaonekana mpaka uihamishe kwa faili la GPX, aina ya faili la kuhifadhia njia. Vilevile, ikiwa kompyuta inaongoza usukani wa otomatiki, kitufe halisi cha kuuzima kiwe karibu na mkono wako. Usitegemee kuuzima kwa tableti.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Nitaweka njia zote mbili. Je, maji ya chumvi yakimwagika kwenye kioo, tableti haitabonyeza mambo yenyewe?

Jibu la 3

Itabonyeza, kwani kioo cha kugusa huweza kuyasoma matone kama vidole. Programu nyingi za kutazamia VNC zina hali ya kutazama tu. Iwashe bahari inapochafuka, na uiondoe pale tu unapotaka kuamuru jambo. Itie tableti kwenye kasha lisilopitisha maji, lakini usiiache juani, kwa sababu ikipata joto sana hupunguza mwanga au hujizima.